Kifungo cha Daktari

Shemeji yangu alikuwa fundi cherehani hata kabla dada yangu hajamjua. Baridi yabisi ilipomkunja vidole, cherehani ilifunikwa shuka, na kumfungia vifungo vya shati ikawa kazi ya dada. Kijiko akawa anakishika kwa ngumi. Nikasema tuombe ruzuku ya walemavu, maana bila hiyo dada angelazimika kwenda kufulia watu nguo, na mume abaki ndani peke yake, hata maji hawezi kujimiminia.

Nilimfundisha wiki nzima. "Ukiulizwa kama unaweza, sema huwezi. Usijitie ujabali."

"Nimekusikia, shemeji. Ungekuwa wakili, watu wangekoma."

Siku ya kupimwa, vidole vikaamka vizuri. Vilikuwa na siku za namna hiyo moja moja. Vinalegea asubuhi, mchana vinalipiza. Daktari wa kupima alikuwa kijana mpole, koti jeupe, na kifungo cha katikati kikining'inia kwa uzi mmoja. Nikamwona shemeji anakitazama. Nikamkazia macho, wapi, hata habari hana.

"Daktari, hicho kitakupotea. Hebu lete."

Shemeji akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake mwenyewe. Miaka yote haikukosekana pale, na uzi alishatungiwa na dada, kwa mazoea tu. Akashona polepole, jasho linamtoka, akakata uzi kwa meno. Daktari akashukuru sana, akakaa, akaandika.

"Daktari, kesho huyu hashiki hata kikombe," nikasema.

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

 Jibu likaja: anaweza kazi nyepesi za mikono, ruzuku hapewi.

Njia nzima nilikuwa nimemnunia. Baadaye hasira ikaisha, yakabaki majuto, na majuto ni mabaya zaidi. Dada sasa anatoka alfajiri kwenda kufua. Anamwachia mumewe maji kwenye jagi lisilo na mfuniko, na mrija ndani yake. "Ningenyamaza tu," shemeji huniambia nikienda kumwona. "Kifungo chenyewe hata si changu. Mkono ulinitangulia."

Tulirudi kukata rufaa. Daktari yuleyule, koti lilelile. Safari hii vidole vilikuwa vimejikunja kabisa, mlango nilimfungulia mimi. Daktari akasema anasikitika, kupimwa ni mara moja tu kwa mwaka, mzee asubiri mwaka ujao ndipo apimwe upya. Nikaanza kumjia juu. Shemeji akanizuia, akanyoosha ngumi yake, akakisukuma kidogo kile kifungo cha koti la daktari.

"Hakijalegea," akasema, na nilimwona amefurahi.

Daktari akatabasamu, akainamia faili la mtu mwingine. Shemeji akanigeukia, koti lake li wazi.

"Nifungie, shemeji. Nje kuna baridi."