Gego Juu ya Bati

Dada alinipigia simu nikiwa Mpulungu, mwisho wa kusini wa ziwa. "Mama anatusahau mmoja mmoja. Wewe bado anakuulizia. Njoo."

Mama alikuwa amepofuka; watu aliwajua kwa sauti tu. Nikapanda meli, na njiani shavu la kushoto likaanza kuvimba. Nilipofika nyumbani Kasingirima, taya lilikuwa limekaza, kinywa hakipitishi hata kidole.

"Shikamoo, mama." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

"Mama, huyu ni mwanao," dada akasema.

"Wangu nikimsikia namjua."

Dada akaamua ni matubwitubwi. Akakwangua masizi ya sufuria, akanipaka shavuni kama tulivyopakwa utotoni, huku akicheka. "Mvi kichwani, kaka, unaugua ugonjwa wa watoto!" Nikalala na masizi yangu. Asubuhi nikaamka na homa.

Hospitali mjini Kigoma, daktari wa meno alinionyesha picha. Gego la mwisho halikupata nafasi ya kusimama. Lilikuwa limelala ndani ya mfupa, limeegemea jirani yake, na fizi iliyolifunika imejaa usaha. Alinipa dawa kwanza. Uvimbe ulipopungua, akanichoma ganzi, akapasua fizi, akalikata gego vipande, akavitoa, akashona. Sikusikia maumivu, ila mlio wa mfupa.

"Ng'ata pamba. Leo usiongee."

Nikarudi nyumbani na pamba mdomoni. Nilikaa kando ya kitanda cha mama nimeshika mkono wake, naye akaniuliza, "Wewe unayetoka huko ziwani, hukumwona mwanangu?"

Kidonda kilipopona, kinywa kikafunguka na sauti yangu ikarudi kama zamani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mgeni."

Nilikuwa nimechelewa. Nikamwekea kiganjani vipande vya gego alivyonipa daktari. Akavipapasa.

"Jino hili. Mpelekee mama yako akurushie juu ya paa, liote jingine."

Meno yangu ya utotoni yote aliyarusha yeye. Nikatoka uani, nikavirusha mwenyewe. Vikagonga bati, vikabingirika.

Ndani nikamsikia akimwuliza dada, kwa furaha, "Huyo mwanangu? Ameng'oka jino?"

Nikaingia mbio.

"Karibu, mgeni," akasema. "Keti. Mwanangu yuko nje, anacheza."