Namba ya Baba na Feni Niliyoigeuza

Wiki iliyopita baba yangu alitumiwa barua pepe ya kusahihishwa hesabu. Baba ana miaka sita kaburini.

Niliifungua mimi, bintiye, Thoa. Hapa mjini kwetu Nam Định, Vietnam, hakuna mwingine anayejua nywila yake.

Baba, Mzee Lương, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipostaafu akaanza kuwinda namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe. Usifikirie saba au kumi na tatu. Ya kwake ilikuwa na tarakimu mamilioni. Wawindaji wako dunia nzima, kila mmoja na namba aliyogawiwa, na anayeipata tasa jina lake hukaa nayo milele.

Madaktari walikuwa wamempa mwaka mmoja.

"Nipate moja tu," alisema, "halafu nichukueni."

Kompyuta ilikokotoa siku arobaini na moja, hatua juu ya hatua. Mwishoni ikitoka sifuri, namba ni tasa. Kikitoka kingine chochote, basi. Hatua moja ikikosewa, zote za mbele zimeharibika, na mashine yake ile ya zamani haikuambii kitu.

Joto ndilo adui. Kwa hiyo feni ilikuwa ya kompyuta, sisi tulijipepea kwa magazeti.

Siku ya thelathini, mchana wa Juni, mwezi wa joto kali huku kwetu, baba kaenda hospitali. Nikasema potelea mbali. Nikaigeuzia feni kitandani kwangu, nikalala saa mbili nzima.

Jibu lilipotoka, halikuwa sifuri.

Baba alilitazama sana. "Thoa, uligusa feni?"

"Mimi? Sijaigusa, baba."

Jioni tunakunywa uji wa mchele, akauliza tena. "Hata kidogo, mwanangu?"

"Baba nawe. Namba imekukataa, sasa unatafuta mchawi."

Akacheka kidogo. Hakuuliza tena. Desemba akafariki.

Sasa hiyo barua. Mtu mwingine kapewa namba ileile airudie ili kuihakiki. Imetoka sifuri. Ni tasa, na mgunduzi ni yeye. Jina la baba liko chini yake, limeandikiwa: matokeo yenye kosa.

Juzi ilikuwa kumbukumbu ya kifo chake. Mbele ya picha yake, nikamwambia mama kila kitu huku nalia.

Mama aliendelea kupanga bakuli za sadaka. "Alijua. Feni uliirudisha imeangalia ukuta, si kompyuta."

"Sasa mbona hakuirudia hesabu? Miezi alikuwa nayo."

"Nilimwambia airudie. Akasema, 'Nikiirudia nitakuwa nimemwita mwanangu mwongo. Ngoja aseme mwenyewe.'"

Akawasha udi, akanipa nishike.

"Alikungoja, Thoa. Mpaka siku ya mwisho alikuwa ananiuliza kama umesema chochote."

Ndugu yangu unayesoma, kama una neno la kumwambia mzazi wako, liseme angali anauliza. La kwangu nimeiambia picha.