Siku Niliyomwalika Aabo Kwenye Gofu

Kuna watu hapa Eldoret ambao jina langu hawalijui, lakini tukikutana kwa foleni ya benki wananiangalia, wanatabasamu, halafu wanauliza, “Si wewe ndiye yule wa sambusa?” na mimi huwa najibu ndiyo, ni mimi, kwa sababu ukikataa ndiyo wanazidi kukuchunguza. Aibu nimeshaizoea. Lakini wacha niwaeleze vile ilikuwa, maana hii hadithi inazunguka mjini ikiwa imeongezwa chumvi, na ukweli wake peke yake ni mbaya vya kutosha.

Mimi naitwa Halima, nauza vipuri vya malori katika duka la baba yangu, na nilianza gofu kwa sababu ya rafiki yangu Nasimiyu, karani wa chuo kule Chepkoilel, ambaye alinivuta Jumamosi moja akisema nitoe moshi wa dizeli kifuani. Nikapenda. Nilikuwa nacheza vibaya, sikatai, lakini nilikuwa na fimbo zangu za mitumba, kila moja na kampuni yake, begi limeshonwa kwa uzi wa viatu, na hakuna kitu kilinifurahisha kama ile sauti ya mpira ukigongwa sawasawa, hata kama ni mara moja kwa asubuhi nzima.

Shida ilikuwa Aabo. (Aabo ni baba, kwetu Wasomali ndivyo tunavyomwita.) Aabo ni mzee wa malori, ndevu zake nyekundu kwa hina, maneno yake machache, na tangu aliposikia habari ya gofu alikuwa ananiuliza swali moja tu: “Mtu mzima anapiga kitu mbali, halafu anaenda kukitafuta mwenyewe?” Kila nikijaribu kueleza, anatikisa kichwa. Kwa hiyo siku moja, tukila chakula cha mchana, uzalendo ukanishinda nikamwambia, “Aabo, njoo uone basi. Kuna mashindano ya akina mama Jumamosi. Hata kuna hema la wageni.” Nikaongeza (hapo ndipo nilipojimaliza) kwamba siku hizi mimi ni mzuri, watu wa klabu wananitegemea. Akatafuna polepole, akasema, “Sawa. Nitakuja na wazee wenzangu.”

Wazee wenzangu! Nilidhani atakuja peke yake akae nusu saa aende zake.

Usiku huo nikaliangalia lile begi langu la kushonwashonwa nikawaona akilini wale wazee wenzake wanne wa malori wakilitazama, wakimtazama Aabo, wakinyamaza kwa heshima, na ile heshima ndiyo ilikuwa inaniua. Nikakumbuka binamu yangu Mahat wa mtaa wa Munyaka ana seti mpya kabisa aliyotoka nayo safari, hajawahi kuicheza, imekaa kwa kona ya sebule kama mgeni. Ijumaa jioni nikapita kwake. Begi jeusi linang'aa, toroli yake ya magurudumu matatu, fimbo zote zimevalishwa vikofia na plastiki juu. Nikamuuliza kama naweza kuiazima. Mahat akasema, “Chukua tu, sister, hata mimi sijui inafunguliwaje.” Nikaipakia kwa gari nikaenda. Sikutoa hata plastiki moja, kwa sababu nilitaka zing'ae vilevile asubuhi, na pia nilikuwa naogopa kuzikwaruza.

Asubuhi ilikuwa na ile baridi yetu ya Eldoret, nyasi zimelowa, kila mtu anatoa mvuke mdomoni. Hema la wageni lilikuwa nyuma kidogo ya pale tunapoanzia kupiga, kando upande wa kulia, na Aabo alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia ya kudariziwa, koti la harusi (wallahi, lile koti hulivaa harusini tu), wazee wenzake kushoto na kulia, na mbele yao sahani ya sambusa na chupa ya chai. Aliponiona nikivuta lile begi, nilimwona akiwaambia kitu wenzake, na wote wakaangalia begi. Nikajisikia kama mtu. Wacha niseme ukweli, kwa dakika hiyo moja gofu ilikuwa tamu kuliko siku zote.

Tulipangwa watatu: mimi, Nasimiyu, na Mama Chela, ambaye ni nahodha wa akina mama, mwanamke wa Kikalenjin mrefu asiyecheka ovyo, anayeupanga mchezo wake kama mtu anayepanga mahindi ghalani. Wao wakapiga kwanza, mipira ikapaa vizuri. Jina langu likaitwa. Nikavua kile kikofia cha fimbo kubwa, nikatoa plastiki, nikasimama, nikaiweka fimbo nyuma ya mpira.

Uso wa fimbo ulikuwa unaangalia nyuma.

Nikaigeuza. Ukaangalia mbele, lakini sasa ncha imeangalia chini kama pua ya mtu anayelia. Nikairudisha. Nasimiyu akasogea karibu akaninong'oneza, “Halima, hizo ni za mtu wa kushoto.”

Mimi si wa kushoto, hata kijiko sijawahi kushika na kushoto. Hapo ndipo ningesema, jamani, nimekosea, na Mama Chela angenipa dakika, tungecheka, tungeenda. Lakini niliinua macho nikamwona Aabo ameegemea mbele, mikono juu ya fimbo yake ya kutembelea, anasubiri. Nikamjibu Nasimiyu, “Najua.”

“Unajua?”

“Najua. Nilikuwa najaribu kitu.”

Nikazunguka nikasimama upande wa pili wa mpira, upande ambao sijawahi kusimama maishani mwangu. Kila kitu kilikuwa kinyume, kama kujaribu kuvaa suruali ya mtu mwingine ukiwa gizani. Nikasema bismillahi, nikapiga kwa nguvu zote, maana nilifikiri nguvu zitaficha mengine.

Mpira uliguswa na ncha tu ya fimbo. Ukachomoka pembeni, ukagonga jiwe jeupe la alama ya pa kuanzia, tiii! ukaruka juu ya kichwa cha Mama Chela, ukaingia hemani ukatua katikati ya sahani ya sambusa. Sambusa zikatawanyika. Mzee mmoja akainama chini ya meza.

Na Aabo akasimama. Akautoa mpira kwenye sahani, akaupangusa na leso yake taratibu, akatembea nao mbele ya watu wote mpaka niliposimama, akanipa mkononi. Akauliza kwa sauti yake ya kuita madereva, “Halima, hii ni pointi ngapi?”

Watu walicheka, jamani. Hawakucheka vibaya, najua sasa, lakini kilikuwa kicheko kikubwa, cha hema zima, na kuna mwanamke mmoja alilia machozi. Nilimwona Aabo akigeuka kuwaangalia, tena akaniangalia mimi, na ule uso wake ukafunga kama duka saa ya swala. Alikuwa ameelewa kwamba amesema kitu cha kuchekesha, ila hakujua ni kipi. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Kujiaibisha ni jambo moja. Kumleta baba yako na koti lake la harusi aje achekwe, hilo ni jambo lingine.

Nasimiyu akanipa fimbo yake. Mama Chela akasafisha koo, akasema sheria hairuhusu watu wawili kutumia fimbo za mmoja. “Lakini kama hizo zako zina shida, sema tu, Halima, tuone vile tutafanya.”

“Hazina shida,” nikasema. Mdomo wangu huo.

Tukaendelea. Nikafikiri Aabo atarudi kwa wenzake, lakini hapana, alianza kutufuata kwa miguu, na viatu vyake vya ngozi kwenye nyasi zilizolowa, hatua chache nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa napiga mpira unaenda hapa na pale, hapa na pale, kama kuku anayefukuzwa, na kila nikipiga nilikuwa nasikia pumzi yake nyuma, maana kifua chake si kizuri na baridi humsumbua, kwa hiyo juu ya aibu nikaongeza hofu kwamba nitamuua mzee kwa ajili ya mchezo.

Tulipofika shimo la pili Mama Chela alikuwa anataka kuusukuma mpira wake uingie, karibu sana, hata mimi ningeuingiza kwa mkono wowote. Akainama. Sisi sote kimya. Simu ya Aabo ikalia. Na Aabo hajui kupokea simu polepole. “HALO! Uko mpakani Malaba? Kwani karatasi iko wapi?” Mama Chela akasukuma, mpira ukapita shimo kando.

“Mzee,” akasema bila kuinua kichwa, “tafadhali.”

“Pole, Mama. Pole sana.” Nikamwona akiingiza simu mfukoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Akanijia, akanishika mkono, akasema polepole, “Nipe kitu nifanye. Nikisimama bure naharibu.”

Ningemkatalia vipi? Nikampa toroli.

Sasa, kutoka pale njia inateremka mpaka kwenye bwawa, na mimi nilikuwa mbele natafuta mpira wangu kwenye majani marefu nikisikia magurudumu yanakuja vizuri nyuma yangu. Simu ikalia tena. Na Aabo, kwa sababu ni mtu wa adabu na alikuwa ameshaombwa mara moja, aliona heri aizime haraka, akaachilia toroli atumie mikono miwili.

Niliisikia kabla sijaiona. Nikageuka, toroli inashuka peke yake, mwanzo polepole kama inawaza, halafu kwa kasi, begi la Mahat linang'aa juani, na Aabo anaikimbilia nyuma, koti linapepea, anaita, “Shika! Shika!” kana kwamba ni mwizi. Wale wa kundi la nyuma yetu wakasimama kutazama. Kule hemani nako watu wamesimama. Toroli ikafika ukingoni, ikaruka, ikaingia majini na kishindo. Na Aabo hakusimama. Akaingia nayo.

“Aabo! Acha! Wacha iende!”

Maji yalimfika kiunoni. Nilikimbia vile sijawahi kukimbia, nikaingia na viatu, na hijabu, na suruali yangu mpya, maji baridi mpaka meno yakagongana, na nikamkuta amelikumbatia begi kwa mkono mmoja huku anapapasa matope na mguu akitafuta fimbo zilizomwagika. Anatetemeka. Nikamshika bega nikaanza kulia, naona aibu hata kusema, nililia pale katikati ya bwawa.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanaita tutoke, na Mama Chela alikuwa ameshavua viatu.

Aabo akawaangalia, akaniangalia. “Wanacheka mimi au wewe?”

“Wote wawili, Aabo.”

Akafikiri. “Basi afadhali. Nilidhani uko peke yako.”

Hapo nikamwambia kila kitu, tukiwa bado majini: kwamba fimbo ni za kuazima, kwamba ni za mkono wa kushoto, kwamba mimi si mzuri, sijawahi kuwa mzuri, hakuna mtu wa klabu anayenitegemea kwa lolote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Mimi sikuja kuona kama unashinda. Nilikuja kuona ni nini kinakufanya urudi nyumbani Jumamosi ukiimba.”

Sikujua kama huwa naimba.

Tulitolewa, tukafunikwa mataulo ya klabu, Mama Chela mwenyewe akamletea Aabo chai ya tangawizi, na wazee wenzake wakamzunguka wakimlaumu kwa Kisomali kwa kuingia majini bila kuvua koti. Mimi nilijiondoa kwenye mashindano. Usiku kucha nilisikiliza kifua chake kupitia ukutani, na alhamdulillahi hakukohoa sana. Fimbo mbili zilibaki kwenye matope. Nilipompelekea Mahat zilizobaki na kumweleza, nikiwa tayari kwa lolote, aliinua moja akaitazama kwa mshangao. “Kumbe kuna za kulia na za kushoto?”

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Msidhani ilikuwa rahisi. Nilikaa kwa gari nje ya geti mpaka vioo vikaingia ukungu, na nilipopita pale hemani masikio yaliwaka. Bado naogopa kupiga mpira wa kwanza watu wakiniangalia, na bado napiga vibaya, ingawa kwa mkono wa kulia.

Lakini nimejiapia jambo moja. Siku nyingine nikimwalika mtu ninayempenda aje kuona kitu ninachokipenda, sitamwambia mimi ni hodari. Nitamwambia, bado najifunza. Ni maneno mawili tu, na yangetuacha sote tukiwa wakavu.