Siku Niliyoweka Debe Chini

Hebu nitazame, rafiki yangu. Mwanamume mzima, mwenye malori yake ya kuzoa theluji hapa Toronto, nimesimama shambani asubuhi nikiwa na kanzu nyeupe iliyonifunika hadi usoni, mkononi nimeshika kichwa cha bandia cha korongo. Mke wangu aliponiona nikiijaribu nyumbani kwetu, mtaa wa Malvern, alicheka mpaka akakaa chini. "Nguo sawa, Baba Watoto. Lakini kunyamaza? Wewe hata usingizini unapiga kelele!"

Maana kunyamaza ndiyo sheria ya sisi tunaojitolea. Korongo weupe wa nchi hii walikaribia kwisha, na makinda wanaolelewa na watu hawana mzazi wa kuwaonyesha njia ya kusini baridi ikianza. Kwa hiyo tunavaa tufanane nao, tunawalisha kwa kile kichwa cha bandia, tunawazoesha kufuata kindege kidogo cha injini kitakachowatangulia hadi kwenye joto. Kufungua mdomo ni marufuku. Kinda akizoea sauti ya mtu atashuka popote penye watu, na hapo hana maisha.

Wenye mradi walinitaka kwa sababu ya malori yangu, sifichi. Lakini niliwaambia wazi: korongo nawajua kuliko nyinyi nyote.

Kwetu ni karibu na Kitale, na nyuma ya shamba la nyanya yangu aliyenilea kulikuwa na kinamasi. Msimu wa kupanda, korongo wenye taji la dhahabu walitoka huko kufukua mahindi tuliyofukia jana yake. Kazi yangu ilikuwa debe. Nyanya alinipa debe la mafuta lililotoboka na fimbo ya mpera, nami nililipiga toka umande hadi chai ya saa nne, ile chai ya maziwa inayonukia moshi, pamoja na kiazi kitamu kilichotolewa jivuni kikiunguza vidole. Na sauti nilikuwa nayo! Nikiipaza tu, kinamasi kizima kinainuka. Jirani alimwambia nyanya, "Huyu mjukuu wako wamsikia hadi Uganda." Nyanya akamjibu, "Mwalimu analalamika, mimi nashukuru."

Shule niliiacha darasa la sita. Lakini debe sikuliacha. Nimejipigia debe sokoni Nairobi, nimejipigia debe hapa kwa wenye maegesho makubwa yanayojaa theluji, kwa Kiingereza cha kuokoteza, na walionicheka leo wananiomba kazi.

Sasa, kulikuwa na kinda mmoja aliyening'ang'ania. Alinitambua hata ndani ya kanzu, kwa sababu nachechemea kidogo. Wenzake walikwisha kujifunza kufuata kindege. Yeye aliruka, akageuka, akarudi kwangu. Siku moja kabla ya safari, mama anayetuongoza aliniita mbali na kizimba, mahali tunaporuhusiwa kuongea.

"Kesho kundi linaondoka. Huyu asipofuata, atafungiwa maisha yake yote. Bila wewe hatoki kizimbani, na akikuona haondoki. Fungua lango, kisha ujifiche chini ya turubai."

"Mimi? Na kitambi hiki?"

"Turubai ni kubwa."

Kesho yake asubuhi nikafungua lango. Wakatoka wote. Nikajitupa chini ya turubai, kifua kwenye nyasi zenye umande ulioganda. Injini ikanguruma, mabawa yakapiga, kundi likapanda. Halafu nikasikia hatua. Zilikuwa za mmoja tu, na zilikuja kwangu.

Akasimama karibu na kichwa changu, akaita. Ni mluzi mwembamba wa mtoto, unatetemeka mwishoni. Akaita tena. Akadonoa turubai, mdomo ukanipata begani. Injini ilizidi kwenda mbali. Na kooni nilikuwa na ile sauti yote ya kinamasi, imejaa tele. Ukelele mmoja tu angeruka! Lakini angeruka kwenda wapi? Upande mmoja barabara kuu, upande wa pili nyaya za umeme. Nikauma pindo la kanzu hadi meno yakauma.

Ndipo ikanijia siku niliyoondoka kwetu. Lori la mjomba lilikuwa limewashwa, linipeleke Nairobi. Nyanya alikuwa jikoni, nasikia mwiko wake ukigonga sufuria. Nikamwita aje tuagane. Mwiko ukanyamaza. Nikaita tena, kwa sauti ile ile iliyoinua kinamasi. Moshi ulipenya paani, lakini hakuitika. Mjomba akapiga honi, nikapanda na hasira zangu, nikazibeba hadi ng'ambo ya bahari. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshika mlango wa lori. Angeitika, ningeshuka.

Nje ya turubai, kinda naye alinyamaza. Kindege kikazunguka, kikapita chini chini, kipaza sauti chake kikitoa mwito wa korongo mama. Hatua zikaanza polepole, zikawa mbio, kisha hazikuwepo. Nilibaki pale pale hadi yule mama aliponigusa mguu.

"Kaenda?" nikanong'ona.

"Kaenda. Wa mwisho kwenye mstari. Sasa unaweza kupiga kelele zako."

Nilijaribu. Hazikutoka.

Siku hizi kinamasi cha kwetu ni shamba la mikaratusi. Nimeonyeshwa kwenye simu. Korongo wenye taji, watoto wa pale wanawaona kwenye bendera ya majirani zetu wa Uganda tu. Jiko lilianguka, na nyanya alitangulia kabla sijajua la kumuuliza. Kila mtu aliyewahi kukutana nami nimemwambia mimi ni nani, ila korongo mmoja aliyeko huko kusini. Na nikimkumbuka yeye, namwona nyanya nyuma ya ukuta ule wa udongo, mwiko uko hewani, ameuma ncha ya leso.