Kitanda cha Nyuma ya Usukani

Niliondoka Kolwezi safari ile kwa sababu ya mguu wa mama mkwe wangu. Mzigo ulikuwapo, chumvi na saruji ya misheni, na patroni wangu Mgiriki, mwenye lori, aliniandikia karatasi ya njia kama kawaida, lakini mzigo ule ungeweza kungoja zamu ya dereva mwingine. Mguu haukuweza kungoja. Habari ililetwa na dereva aliyetoka Sandoa: mama yake Tereza, mke wangu, aliteleza kwenye ngazi za mtoni huko kwao Musumba, na mfupa wa chini ya goti umevunjika. Muuguzi wa pale amesema hana mashine ya kupiga picha mifupa wala daktari wa kupasua. Afikishwe Kolwezi kabla ya Jumapili, la sivyo mguu utakatwa. Tena alitoa sharti moja: njia nzima mgonjwa alale, asikae hata kidogo.

Sasa niulizeni, katika Katanga yote ya miaka ile ya Wabelgiji, ni lori gani lililokuwa na mahali pa mtu kulala? Langu. Najisifu, ndiyo, na nitaendelea kujisifu mpaka nichoke.

Madereva wenzangu walilala juu ya magunia, au chini ya gari na siafu, au kwenye kiti, mti wa gia ukiwachoma mbavu hadi asubuhi. Mimi na seremala mmoja wa karakana tulikata ukuta wa nyuma wa kabini tukajenga chumba kidogo cha mbao za mulombwa. Urefu wake ulitoka mlango hadi mlango, na kwa kuwa Mungu alinipa miguu mirefu, nililala nimekunja magoti. Upana ulikuwa mabega yangu na kiganja kimoja. Ukiketi kwa haraka, kichwa kinagonga dari. Unaingia kwa kupenya katikati ya viti viwili, upande upande, kama unaingia bandani kutafuta mayai. Wenzangu walikiita shambre, chumba kwa Kifaransa. Walikuwa wanakuja wakati wa chakula, wanaingiza vichwa, wanacheka, halafu mmoja mmoja anaomba alale kidogo tu ajaribu.

Jumatatu alfajiri Tereza alikitandika kitanda kwa mikono yake. Alileta shuka za harusi yetu zilizofuliwa kwa sabuni ya buluu, na ule mto alioutarizi mwenyewe kwa nyuzi nyekundu: Bonne Nuit, yaani usiku mwema, na ndege wawili wanaotazamana. Alikuwa amelia tangu jioni.

"Mama asisikie mashimo," aliniambia. "Yakobo, unilindie mama yangu."

Nikamwambia hatasikia hata shimo moja. Mwongo mimi.

Mutshatsha nilifika saa nne, nikanunua gunia la makaa, kwa maana dereva anayepita Mutshatsha bila kununua makaa huulizwa na mke wake alipita wapi. Kutoka pale njia inafuata reli kuelekea magharibi, nyekundu, imechongwa na mvua kama ubao wa kufulia. Nililala Kasaji. Usiku ule niliupenda mno mto wa Tereza, sitaficha.

Jumanne nilipinda kaskazini, nikavuka Lulua kwa kivuko, mitumbwi iliyofungwa pamoja na kupigiliwa mbao, na wavushaji wakaimba kumtania kila dereva aliyeshika usukani kwa nguvu kana kwamba gari linaogelea. Jumatano saa tisa niliingia Musumba, kati ya mihogo na nyua za matete.

Shemeji yangu Petelo, mwalimu wa shule ya misheni, alinipokea barabarani. Sikuingia uani. Kwao Walunda, kama kwetu watu wa Kasai, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani jina. Akija huku, wewe unapita kule. Miaka sita ya ndoa nilikuwa nimemwona mama yule mgongo tu, tena kwa mbali, na kikwembe cha kijani alichojifunga kiunoni. Nilimpenda kwa habari: kila msimu alitutumia unga wa muhogo na samaki wakavu, na kila mara juu ya mfuko kulikuwa na kifurushi kidogo cha karanga ambacho Tereza alisema ni changu mimi.

Nilibaki kwenye gari, nikapangusa shambre, nikanyoosha shuka. Petelo na vijana watatu wa ukoo wakamleta mama juu ya mkeka, mguu umefungwa katikati ya mbao mbili. Niligeuka kutazama mihogo, kama inavyopasa. Nikasikia mkeka unafika mlangoni. Halafu sauti yake, mara ya kwanza kuisikia karibu, nyembamba na kali:

"Petelo, ile ni kitanda ya nani?"

"Ya shemeki, mama. Njo ile utalala mpaka Kolwezi."

"Kitanda ya mukwe yangu? Na ule muto ya bibi yake? Munirudishe ku nyumba."

"Mama, muguu batakata!"

"Bakate. Mi sitalala fasi mutoto yangu analala na bwana yake. Hapana."

Wakamrudisha. Mimi nikabaki nimesimama na mihogo yangu, aibu imenipanda hadi masikioni. Mtu mzima, mwenye ndoa, nimelitandikia gari shuka za harusi nikaenda kumchukua nazo mama wa mke wangu! Na Tereza, aliyelelewa na mama huyohuyo, alisahau kwa machozi. Tulikuwa tumefikiria mashimo, mvua, mafuta, kivuko, kila kitu. Hilo moja ambalo mtoto yeyote wa kijiji angetukumbusha, hatukulifikiria.

Petelo alirudi amejishika kichwa. Tukakaa kwenye ubao wa kupandia gari.

"Anaogopa?" nikamwuliza.

"Haogope. Ana haya. Ile ni mubaya kupita kuogopa."

"Kama haikuwa kitanda yangu, angelala?"

Akanitazama. "Iko mu gari yako, shemeki."

"Gari ni ya Mugiriki. Kitanda njo yangu. Basi nitatosha kitanda."

Tulikitoa hadi msumari wa mwisho. Shuka, mto, godoro la majani, hata mbao nilizolalia, vyote nikavifunga kwa turubai nyuma, mahali pa mzigo niliokwisha kushusha misheni. Petelo akaenda nyumbani na kuvunja kitanda cha mama mwenyewe, cha miti na kamba za gome, alichozalia watoto wote, Tereza mmojawapo. Kilikuwa kipana mno. Tukakata upande mmoja kwa msumeno, tukakata na miguu, tukakaza kamba upya. Tukatandika mkeka wake, na kati yake na viti tukatundika kile kikwembe cha kijani, kiwe ukuta. Jua lilikuwa limeshuka tulipomaliza. Petelo akamweleza mama kila kitu, ubao kwa ubao. Jibu lake lilikuwa swali.

"Na yeye, atalala wapi?"

"Ataona yeye mwenyewe, mama."

Alhamisi asubuhi aliingia. Yule mama alikuwa mfupi. Mguu wake ulionyooka kwenye mbao ulienea kitandani sawasawa, hata nafasi ya kidole haikubaki. Kumhudumia alikuja Mama Sabina, jirani mjane, mtu wa ugoro na maneno mengi, akaketi kando yangu. Sabina ndiye aliyekuwa mdomo. Mama akisema nyuma yangu, umbali wa mkono mmoja, "Sabina, umwambie apunguze," Sabina ananigeukia: "Anasema upunguze." Nami nilikwisha kupunguza zamani. Nikijibu, Sabina anageukia kikwembe na kurudia. Tulisafiri watu watatu na mazungumzo ya watu sita.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua. Aliuliza kwa nini gari linakohoa mlimani. Aliuliza kama ni kweli Kolwezi wazungu wanachimba shimo ambalo ng'ombe wakiwa chini wanaonekana kama kuku. Shimo kubwa lilipoturusha alilia, halafu akasema haraka, "Sabina, umwambie haikuwa ye. Ilikuwa barabara." Moyo wangu uliuma. Nilikwepa mashimo yote niliyoyaona, na bado yalibaki yale nisiyoyaona.

Siku ile tulilala njiani, Kasaji ikiwa bado mbali, mimi kwenye kiti, mti wa gia mbavuni, kama madereva wenzangu niliokuwa nawacheka. Usiku uliotangulia, pale Musumba, nilikuwa nimelala chini ya gari, na siafu walinikumbuka. Kwa hiyo Ijumaa mchana, tulipoikuta tena reli, macho yangu yalikuwa mazito kama magunia ya saruji. Sabina alikoroma, tumbaku kidevuni. Njia ilikuwa imenyooka, jua kali, injini inaimba wimbo mmoja.

Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka sauti.

"Yakobo!"

Nilifumbua macho. Gurudumu la kushoto lilikuwa tayari kwenye majani, na mbele yetu korongo la mvua limepanua mdomo. Nilizungusha usukani, gari likayumba, likasimama katikati ya njia. Sabina akaamka akiuliza tumefika wapi. Kikwembe kilikuwa kimesogezwa kidogo pembeni, upana wa jicho moja, na kumbe njia nzima mama alikuwa akiutazama mgongo wangu, ili ajue kama nimechoka.

Ameniita jina. Mimi na yeye wote tulilijua, na Sabina alipoelewa alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha sauti ikaja tena, safari hii bila kupitia kwa mtu.

"Yakobo, tangu Musumba ulilala?"

"Kidogo, mama."

"Kitanda yangu ilikufukuza mu nyumba yako. Zima motere. Ulale pale ku kiti. Sabina, we shuka, ukoromee inje."

Nililala muda wa saa mbili, palepale njiani. Kila nilipogeuka nilisikia nyuma yangu pumzi ya mtu anayejizuia kuugua ili asiniamshe. Niliamka nina uchungu na nina furaha, nikawasha gari.

Jumamosi saa nane za mchana tuliingia Kolwezi. Tereza alikuwa langoni mwa hospitali ya weusi. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Muuguzi akaja na machela na watu wawili wa kufagia. Hapo ndipo ulipokuja ubaya wa shambre yangu niliyojisifia. Machela haikuweza kupinda kati ya viti. Kule Musumba kijana mwembamba wa ukoo aliingia kwanza akampokea ndani. Hapa hapakuwa na kijana wa ukoo. Mle ndani palitosha mtu mmoja tu, amepiga magoti, na mtu huyo ilibidi awe na nguvu ya kumwinua mama mzima bila kuupinda mguu. Muuguzi alijaribu. Alikuwa mdogo wa mwili, alimwinua kiasi cha shibiri moja, mama akapiga kelele, akamwacha.

"Nani iko na nguvu hapa?" muuguzi akauliza. Akanitazama. "Weye dereva, ingia."

"Siwezi," nikasema. "Ni mama mukwe yangu."

Akashusha mikono. Alikuwa mtu wa kwetu, alielewa. Wale wafagiaji wakatazama chini. Tereza alishika mlango wa gari, hakuthubutu kuniomba. Daktari angeondoka saa tisa, na kesho yake ni Jumapili.

Kikwembe kikafunguliwa chote kutoka ndani. Nilitaka kugeuka na sikugeuka. Nikamwona mama yule: uso mdogo, umechoka, na macho ya Tereza yaleyale.

"Muguzi," akasema, "haiko mukwe tena. Ni mutoto yangu. Mutoto anabeba mama yake. Yakobo, ingia."

Nilipenya upande upande, nikapiga magoti, nikamkumbatia mgongo kwa mkono mmoja na kuushika ule mguu na mbao zake kwa mwingine. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la chumvi. Aliniwekea kichwa begani. Nilijigonga dari mara mbili, nikalia, na naweza kuwadanganya kwamba nililia kwa sababu ya dari.

Mguu haukukatwa. Umefupika kidogo, anatembea na fimbo, na anasema fimbo inamsaidia kufukuza kuku. Alikaa kwetu hadi mvua zilipokwisha. Tulikula meza moja, na siku za kwanza wote wawili tulitazama sahani.

Safari ile ilinifundisha kwamba nilikipima kitanda changu kwa mwili wangu peke yangu, nikadhani nimemaliza. Kabla ya safari ya pili ya Musumba nilimwita seremala, nikamwambia apanue shambre kwa viganja viwili na aukate mlango wake hadi watu wawili wapenye. Patroni akaja karakana, akaona nafasi ya mzigo imeliwa tena, akaanza kupiga kelele.

"Hii yote ni ya nini? Dereva ni mutu moja!"

"Ndiyo, patroni," nikamwambia. "Lakini mama yangu anarudi kwake Musumba."