Mlango wa Mama Mkwe

Kanuni ya nne niliiandika mimi. Nasema mapema ili msije mkanionea huruma ya bure. Ilisema kwamba mtu akishapata kiwanja kwa kura hatabadilishana na mwenzake, na asiyehamia katika muda wa miezi miwili atapoteza haki yake. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa ametunga kanuni tatu tu. Mimi, karani wake, niliona tatu ni chache, nikamwongezea.

Ilikuwa Garissa, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Watu wengi wa mjini walikuwa wamebanana karibu na mto, vibanda vimeegemeana, moshi wa huyu unaingia kwa yule. Siku moja mchana moto ukazuka katika jiko la muuza chai, ukala upande mzima, na haukuzuilika mpaka tulipobomoa nyumba zilizokuwa bado nzima. Baada ya hapo ikaundwa kamati ya makao: wazee watatu, wenye maduka wawili, Bwana Shauri mwenyewe, na mimi wa kuandika. Mpango ulikuwa mzuri, hata leo nausifu. Kila kaya ipate kiwanja kwenye ardhi ya juu, mistari inyooke, njia pana ipite katikati. Serikali itoe nguzo na mabati, mwenye nyumba atoe fito, udongo na jasho lake. Asiyeweza kujenga ya udongo aliruhusiwa kusimamisha herio, ile nyumba yetu ya matawi yaliyopindwa na kufunikwa mikeka, mradi ikae ndani ya mstari na mlango utazame njia.

Mimi na mke wangu tulikuwa tukikaa chumba kimoja nyuma ya duka la ngozi. Harufu yake siielezi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na tulikuwa tukiogopa hii ya tatu hata kuitaja. Alitaka mambo mawili tu: nyumba yenye hewa, na mama yake karibu siku ikifika. Mama yake alikuwa mjane, mkunga aliyeaminiwa na mji mzima.

Siku ya kura nilitia mkono ndani ya debe tupu la mafuta ya taa, nikatoa karatasi, nikafurahi. Mstari wa pili, kiwanja cha kwanza, penye kivuli cha mgunga. Mama mkwe alichaguliwa karatasi yake na mzee mmoja wa kamati, maana mimi nilikuwa nimekaa pale na yeye asingeweza kusogea. Ikasomwa: mstari wa tatu, kiwanja cha kwanza. Ramani nilikuwa nayo mkononi, wala sikuhitaji kuitazama. Mlango kwa mlango.

Asiyejua mila yetu atauliza, kwani shida iko wapi? Kwa jamaa zangu mwanamume hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe. Hawali pamoja, na neno lao hupita kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Katika miaka mitano ya ndoa nilichokijua kwake kilikuwa mgongo na pindo la shela. Tukikutana njia ya mtoni mmoja wetu aliingia kichakani, na mara nyingi alikuwa mimi, na kaptula yangu ya kazi iliyopigwa pasi, katikati ya miiba. Sasa kila asubuhi nifungue mlango wangu naye afungue wake?

Nikatafuta wa kubadilishana naye. Mwenye duka mmoja wa mstari wa tano alikubali mara moja. Lakini mzee wa kamati, akipiga mswaki polepole, akaniuliza, "Karani, ile kanuni yako ya nne inasemaje?"

Kikao kizima kilicheka. Jana yake tu nilikuwa nimewakatalia ndugu wawili kwa kanuni hiyo hiyo, tena kwa sauti ya juu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilimwambia mke wangu tukiache kiwanja, tubaki kwenye ngozi zetu.

"Kiache wewe," alinijibu. "Mimi nitahamia na tumbo langu."

Siku mbili hatukusemezana. Mwishowe nyumba yetu ya udongo ikaisha, tukahamia, na wiki iliyofuata ikawa zamu ya mama mkwe. Asubuhi hiyo niliwahi ofisini kabla hata ya mfagizi. Adhuhuri nilirudi nimeinamisha kichwa, nikihesabu vidole vyangu vya miguu ndani ya viatu, mpaka nikasikia mke wangu anacheka.

"Inua kichwa," akasema.

"Siinui."

"Inua, wallahi hutakufa."

Nikainua. Herio ilikuwa imesimama, imefungwa vizuri, mikeka yake imekazwa, na ilikuwa imetupa mgongo. Nyumba zote za mstari ule zilitazama njia. Ya mama mkwe peke yake ilitazama nyuma, upande wa mtoni. Ngamia mmoja alileta kila kitu, na kufikia saa nne mwanamke yule alikuwa amemaliza jambo lililoninyima usingizi mwezi mzima. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikacheka na mimi.

Raha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano Bwana Shauri akaja kukagua mistari, na mimi nyuma yake na daftari. Akafika pale, akasimama.

"Kwa nini nyumba hii nageuka? Uliza mwenyewe."

Kiswahili chake kilikuwa cha hivyo, ila alikuwa na haki ya kuuliza. Nikageuka, nikaipa herio kisogo, nikamweleza kwa Kisomali mke wangu, aliyekuwa amesimama hapo ameshika kiuno. Mke wangu akayarudia maneno yaleyale kwa mama yake, ambaye alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na alikwisha kuyasikia yote. Jibu likarudi kwa njia ileile.

"Mama anasema nyumba ni yake na mlango ni wake."

Bwana Shauri alinitazama. "Kwa nini wewe nasimama kama mtu anapigwa picha?"

Nikamweleza yote: ukwe, kura, kanuni. Akauliza kanuni ya nne aliiandika nani. Nikasema, mimi, bwana. Alivuta masharubu, kisha akasema niifute leo leo, watu wabadilishane wanavyotaka, na mimi nihamie mstari wa tano.

Neno hilo likapita kwa mke wangu likaingia ndani. Safari hii jibu halikukawia.

"Mama anasema hahami, na wewe huhami. Anasema binti yake amezika mimba mbili mbali naye. Hii hataiacha mstari wa tano."

Nilitafsiri kwa shida. Bwana Shauri aliyafuta yale maneno ya mlango kutazama njia katika daftari langu kwa kalamu yake mwenyewe, akasema nyumba ya mikeka si ngome, ibaki ilivyo. Akaenda zake kukagua vyoo.

Uchungu ulimshika mke wangu wiki tatu kabla ya siku zake, asubuhi ya soko. "Mwite hooyo, mwite mama," akaniambia, akiwa ameng'ang'ania nguzo. Nilitoka mbio kutafuta wa kumtuma: jirani, mchunga mbuzi, mtu yeyote. Njia yote pana ya kamati ilikuwa tupu, watu wote wako mnadani. Nyuma yangu nikamsikia akipiga kelele.

Nikavuka njia. Nikasimama kwenye mgongo wa ile herio, mikeka iko shibiri moja tu kutoka mdomoni kwangu. Sikuwa nimewahi kumwambia mwanamke yule hata neno moja.

"Mama," nikasema. "Uchungu umemshika. Naogopa."

Nikasikia bangili zake ndani.

"Nimesikia, mwanangu. Wewe zunguka upande wa mgunga, mimi nitapita huku."

Nikazunguka. Yeye akaingia kwangu, mimi nikabaki kwake, nimeuelekea ukuta wa mikeka, naomba dua ninazozijua na nyingine ninazozitunga. Jua lilipanda, watu wakaanza kurudi na kamba za mbuzi, wakanikuta hapo na hakuna aliyeniuliza kitu. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akanyamaza, akalia tena.

Mama mkwe hakungoja mtu wa tatu. Alitokeza mlangoni kwangu, akapaza sauti ikavuka njia nzima, majirani wote wakasikia.

"Baba yake! Ni msichana. Wazima wote wawili, alhamdulillahi, mama na mtoto."

Nikaegemeza paji la uso kwenye mikeka ya nyumba yake, nikalia mbele za watu.