Kabichi kwa Konokono Waliofunga

Mtaani wananiita Mama Konokono. Zamani nilikuwa mke pekee wa fundi seremala, nikilala chumba cha mbele. Alipooa mke wa pili nilihamishiwa stoo, kati ya mbao na makopo ya gundi. Humo nikafuga konokono wa kuliwa, kwenye masanduku aliyoyatupa.

Kila konokono ni mume, na huyo huyo ni mke, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa hazai. Anachimba udongo kwa kichwa, anataga mayai meupe, anafukia, anakwenda zake. Watoto wakitoka, chakula cha kwanza ni maganda ya mayai yao. Nyumba zao bado laini, ukizishika zinabonyea. Mdomo wa nyumba ukishakaza na kujipinda, huyo ni mtu mzima, anauzika.

Ila kabla ya kuuzwa lazima afunge. Unamweka kwenye beseni kavu, bila udongo wala jani, siku kadhaa, mpaka tumbo lisafike.

Mpishi wa hoteli aliagiza wakubwa wote. Malipo hayo ndiyo yangenitoa stoo, kwani mjane wa mtaa wa pili alinishikia chumba mpaka jioni ya siku ya mpishi kuja kuwachukua, si zaidi. Siku yenyewe nilishinda kule, napiga deki.

Kurudi, beseni tupu. Mume wangu kakunja mikono ya shati. Konokono amewarudisha kwenye udongo, kawanyunyizia maji, kawakatia kabichi nzima.

"Bi mkubwa, una roho ngumu," akaniambia. "Viumbe wanakufa njaa, wewe unawaangalia tu!"

Huyu, tangu nihamie stoo, hajawahi kuniuliza kama nimekula.

"Umewapa tangu saa ngapi?"

"Asubuhi, ulipotoka tu. Kwani vibaya?"

"Si vibaya."

Mke mwenzangu akacheka mlangoni. "Leo baba kawa mchunga konokono! Na mimi nikatie basi, au mpaka niote pembe?"

Mpishi alikuja na ndoo yake. Akamgeuza mmoja, kikatoka kinyesi cha kijani. Akamgeuza mwingine.

"Shemeji, hawa wametoka harusini."

"Wamekula leo."

"Basi wafunge upya. Nitapita wiki ijayo."

Wiki ijayo chumba kingekuwa na mtu. Nilikwenda kwa mjane, nikamrudishia ufunguo. Aliniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Niliporudi stoo, watatu walikuwa wamezamisha vichwa udongoni, wanataga. Anayetaga hasogezwi.

Mume wangu akachungulia. "Unaona? Wamefurahi."

"Wamefurahi."

Akaenda chumba cha mbele. Majani ambayo konokono hawakuyagusa niliyaokota, nikayaosha, nikayapika. Chumvi ilikuwa imeisha. Nikala hivyo hivyo.